Mfungwa wa Katikati

Mimi nina diploma ya kupokea wageni. Kazini kwangu, hoteli moja pale Diani, nimepokea Wajerumani waliopoteza mizigo, Waitaliano waliopotezana wao kwa wao, na maharusi wa Kihindi waliokuja na mpishi wao na masufuria yao. Wote niliwakaribisha wakatulia. Mtu mmoja tu alikuwa amenishinda kumkaribisha, naye ni mama mkwe wangu.

Si kwamba tulichukiana. Tulikuwa tukiheshimiana, na taabu yote ilianzia hapo. Sisi Wakamba tuna kitu tunakiita nthoni. Mwanamume na mama wa mkewe hawakutani ana kwa ana, hawapeani mkono, hawakai kiti kimoja, na wakionana njiani mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Vijana wa siku hizi wameiacha. Mama mkwe wangu hajaiacha. Kwao kule mashamba ya Shimba Hills, ambako mumewe alipewa shamba zamani, vichaka vipo vya kutosha. Lakini mimi naishi Ukunda, na Ukunda kichaka ukipate wapi? Siku moja alishuka sokoni bila taarifa, nami niko buchani. Nilipomwona mlangoni nilijibanza nyuma ya paja la ng'ombe lililoning'inia, nikalikumbatia kama ndugu aliyerudi kutoka Uarabuni, mpaka mama akachagua utumbo, akaukataa, akauchagua tena, akaondoka. Shati langu jeupe la kazi halikupona.

Jina lake silitaji, hata hapa. Nitamwita Mama Munee, kwa mwanawe wa kwanza, ambaye yuko Kitengela na hupiga simu Krismasi.

Sasa mwaka huu Mama Munee alianguka. Mguu ulimsaliti kando ya tangi la maji nyuma ya nyumba, akakaa pale chini tangu chai ya asubuhi mpaka jirani alipokuja kuomba chumvi jioni. Anaishi peke yake. Mke wangu Everlyn tangu siku hiyo hakulala usingizi wa maana. Chumba tunacho, kwa sababu binti yetu Rispah yuko chuoni. Akampigia mamake simu, akamwambia aje akae nasi. Jibu nililisikia mimi niliyekuwa bafuni:

"Nyumba moja na mkwe? Nile wapi, nioge wapi, nikohoe wapi?"

Everlyn akakata simu, akaja kusimama mlangoni mwa bafu.

"Amekataa," akasema.

"Nimesikia."

"Akianguka tena, Baba Rispah, huenda siku hiyo jirani ana chumvi yake."

Nikafunga maji, nikatoka na sabuni masikioni.

Baada ya wiki kadhaa Everlyn akaja na mpango. Kina mama wa kanisani walikuwa wametembelea makumbusho ya historia pale Kwale mjini, katika jengo ambalo zamani lilikuwa ofisi ya Bwana DC, mkuu wa wilaya. Akasema atampeleka mamake, amfurahishe, kisha wakiwa pale azungumze naye tena.

"Pale ni pa serikali," akanieleza. "Si kwake, si kwako. Atasikiliza."

"Na mimi nakuja kufanya nini?"

"Kuwepo. Akiniuliza kama mume wangu ameridhika, nitamwonyesha."

"Utamwonyesha vipi, na mimi sitakiwi kuonekana?"

"Utakuwa nyuma," akasema. "Atajua uko."

Tukapanda Kwale hivyo. Wao kwa tuktuk mbele, mimi kwa bodaboda nyuma, na kila tuktuk ikipunguza mwendo nampiga dereva wangu bega apunguze. Yule kijana akanigeukia: "Mzee, tunamfuata mtu? Kama ni mke anakutoroka, sema niongeze."

Jengo lenyewe ni la mawe, lina baraza mbele na kuta nene za kuzuia joto na malalamiko ya wananchi. Mlangoni tulipokewa na dada wa Kidigo, mtandio wake wa kijani, jina lake Mwanatumu. Alimwamkia mama shikamoo kwa adabu zake zote, kisha akaniona mimi langoni nikijifanya nasoma kibao.

"Na yule bwana?" akauliza. "Ni mlinzi wenu?"

"Ni mume wangu," Everlyn akasema.

"Mmekosana?"

"La, dadangu. Huyu ni mamangu. Kwetu mkwe hamkaribii."

Mwanatumu akatupima wote watatu kwa macho. "Kwa hivyo maelezo niyatoe mara mbili?"

"Utusamehe."

"Haya. Lakini utani wangu nautoa mara moja tu. Huyo wa nyuma ataletewa na mkewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Wao wakiwa chumba hiki, mimi chumba cha nyuma. Namsikia Mwanatumu akieleza, namsikia mama akiitikia, kisha Mwanatumu anakuja kwangu mbio mbio na maneno yale yale, ameyapunguzia chumvi kidogo. Pale mapokezi palikuwa na dirisha dogo la karani, limewekwa chini sana, raia lazima ainame ndipo aonekane. Nilimsikia mama akisema:

"Hili nalijua. Nimeinama hapa nikifuata hati ya shamba mpaka mume wangu akazeeka. Mgongo wangu ulianzia hapa, tena muandike kwenye kibao chenu."

Kwa mara ya kwanza mwaka huo nilimsikia Everlyn akicheka hadi kukohoa. Nikaona mambo yanaenda.

Nilipofika ofisi ya DC mwenyewe, wao walikuwa wameshapita hadi baraza la nyuma, Everlyn akimpiga mama picha kwa simu yangu, maana yangu ndiyo yenye kamera nzuri. Meza ya DC ilikuwa pana kama kitanda cha harusi. Kibao kilisema usiguse. Sikuigusa. Niliweka tu kofia yangu ya ukindu juu yake, nikarudi nyuma hatua mbili nione ningependeza vipi ningekuwa mkubwa. Nikapendeza. Nikatoka kwenda ukumbini kumtafuta Mwanatumu nimwambie, na kofia nikaisahau.

Hapo nikasikia: ko, ko, ko. Fimbo ya mama mkwe. Baadaye nilikuja kujua alikuwa ameacha miwani pale dirishani kwa karani, akarudi kuifuata peke yake. Ko, ko, ko, inakuja moja kwa moja kwangu. Ukumbi ni mwembamba, hauna paja la ng'ombe. Kulikuwa na mlango mmoja karibu, wa mbao nzito, una kidirisha chenye nondo. Nikaingia.

Kilikuwa chumba cha mahabusu. Zamani waliokamatwa waliwekwa hapo wakingoja kuonana na Bwana DC. Kuna mwanga kidogo, kuna benchi fupi, na kuna mfungwa. Mfungwa lilikuwa sanamu la kuvalishia nguo, lile la dukani, nadhani kutoka duka la nguo za kike, maana kucha zilikuwa na rangi nyekundu na kope ndefu. Wakamvalisha kaptula ya kaki na shati lililotoboka, wakamchora masharubu kwa kalamu ya wino. Nikasimama nyuma yake kwenye kona, nikashusha pumzi.

Sasa, mama naye. Alipofika mlango wa ofisi ya DC, akaona juu ya meza kofia ya ukindu anayoijua. Amekuwa akiikimbia kofia hiyo tangu nilipomwoa bintiye. Akajua niko mle ndani, nitatoka wakati wowote, tukutane uso kwa uso. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona mlango. Akaingia upesi kwa mguu ule mbovu, akauvuta nyuma yake ili nisimwone nikipita.

Nilisikia komeo la nje likishuka lenyewe. Ka!

Mama Munee akasimama pale, mgongo kwangu, akishukuru Mungu kwa sauti ndogo kwamba amemwepusha na aibu. Mimi nikaganda. Nikaweka mikono sawasawa na ya sanamu, nikakodoa macho kama lilivyokodoa. Mpango wangu ulikuwa kubaki sanamu la pili mpaka aondoke. Ungefaulu, lakini shati la yule mfungwa halikuwa limekung'utwa tangu ukoloni.

Nikapiga chafya.

"Bwana Yesu!" Mama akaruka. "Sanamu lina mafua!"

Kisha akaiinamisha shingo kidogo, akatazama sakafuni, akaona viatu vyangu. Akajifunika kichwa na leso yake mpaka kidevuni, akageukia ukuta. Mimi nikageukia ukuta mwingine. Akasukuma mlango kwa kiwiko. Haukwenda. Nikaunyoosha mguu wangu kwa nyuma, nikausukuma kwa kisigino, bila kugeuka. Haukwenda.

Tukakaa hivyo, kila mtu na ukuta wake. Kuta zile nene hata tukiita ingekuwa kazi bure, na simu yangu iko barazani inapiga picha. Baadaye nikasikia pumzi yake. Mguu ulikuwa unamuuma. Benchi liko nyuma yake, lakini ni benchi moja na fupi, na hawezi kukaa mimi nikiwa mle kama vile amekaribishwa.

Nikafikiri haraka. Nikambeba yule mfungwa kiunoni, nikamketisha katikati ya benchi, nikakaa upande huu, nikatazama ukuta. Baada ya muda nikasikia benchi likilia upande ule.

"Kijana," mama akasema.

Nilikaribia kuitika, halafu nikaelewa kwamba hasemi na mimi.

"Kijana," akamwambia sanamu, "muulize huyo aliye upande wako wa kushoto, anafanya nini jela."

Nikakohoa. "Ndugu mfungwa," nikasema, "mwambie mama nilikuwa naepa nisimkosee heshima."

"Mwambie heshima yake imetufunga."

"Mwambie mlango amefunga yeye."

Nikajuta. Lakini leso ilitikisika kidogo.

Hapo kidirishani pakatokea uso wa msichana, na nyuma yake wa kijana mrefu. Wageni kutoka Nairobi, ukiwasikia tu unajua.

"Owen, kuja uone! Wameweka watatu."

Mlango ungefunguliwa pale pale. Neno moja lilitosha: tufungulieni. Lakini tufunguliwe, tutoke, watu waone Mama Munee akitoka chumba cha giza alikokuwa ameketi benchi moja na mume wa bintiye? Nikamwona kwa pembe ya jicho ameganda, mikono magotini, kama amechongwa. Nami nikaganda. Mfungwa hakuwa na haja ya kuganda.

"Huyu wa mama wamemtoa poa sana," Owen akasema. "Hata mikunjo ya mkono."

"Na huyu wa tumbo? Si wangetafuta mwembamba? Jela kuna chakula ya kunenepa hivyo?"

"Gillian, piga picha twende."

Mwanga ukapiga. Wakaenda zao. Hatua zikafifia ukumbini.

"Kijana," mama akasema baada ya muda, "muulize kwa nini hakuwaomba watufungulie."

"Ndugu, muulize na yeye kwa nini."

Nikasikia sauti ndogo kama birika linalokaribia kuchemka. Sikuamini kwanza. Mama mkwe wangu alikuwa anajizuia kucheka. Nami nikataka kumgeuza mfungwa kidogo ili amzibe vizuri zaidi, mama apumue kwa nafasi. Nikamshika mkono. Mkono ukatoka wote, mzima, na kucha zake nyekundu, ukabaki kwangu kama nimesalimiwa.

Basi hapo akashindwa. Alicheka mpaka fimbo ikaanguka. "Mwambie," akasema, anapangusa macho na leso, "mwambie arudishe mkono wa watu, tusiongezewe kifungo!"

Nikahangaika kuurudisha, ukagoma. Nikaulaza mapajani mwake, yule mfungwa. Tukatulia. Na sauti ya mama ilipokuja tena haikuwa ya mchezo.

"Kijana. Niulizie jambo. Hili la mimi kuhamia kwao. Ni yeye anayelitaka, au ni mke wake tu amemlazimisha na yeye ananyamaza kwa adabu?"

Hapo nilitaka kugeuka. Nimefundishwa kumtazama mgeni machoni ninapomkaribisha, ni somo la kwanza kabisa. Nikatazama ukuta. Kulikuwa na ufa umepanda kama Mto Ramisi ulivyo kwenye ramani.

"Mwambie," nikasema, "kesho yake baada ya kuanguka, aliporudishwa kutoka hospitali, nasi tulikuja na gari la kukodi. Majirani walimbeba kumwingiza ndani. Mwambie mimi nilikuwa nyuma ya ghala la mahindi. Nilikuwa nataka kumbeba mimi. Nilisimama pale na mikono hii, sina pa kuiweka."

Nikamsikia akiiokota fimbo yake sakafuni.

"Mwambie nilimwona," akasema. "Viatu vilionekana chini ya ghala. Vinang'aa, vya hoteli. Nikasema moyoni, huyu amekuja mpaka hapa na bado anasimama juani kwa ajili yangu." Akavuta pumzi. "Lakini mwambie naogopa kuwa mzigo. Mkwe hawezi kukwambia umemchosha. Adabu haimruhusu. Nitajuaje?"

"Mwambie nikichoka nitakuambia wewe, ndugu mfungwa, na wewe utamwambia."

"Na huyu atakuwepo huko?"

"Tutatafuta wa kukaa katikati."

Akafikiri. Akaanza kutoa masharti, na nikajua tumefika. Nisiingie sebuleni bila kukohoa. Redio ya asubuhi ni ya ibada, si ya siasa. Kuku wake waje. Choo nikitumie kabla hajaamka au baada ya yeye kumaliza, kamwe si katikati. Na nisiimbe bafuni, maana amesikia kwa simu.

"Mwambie nimekubali yote, ila la kuimba anipe nafasi Jumapili."

"Nyimbo za kanisa."

"Za kanisa."

"Basi mwambie Jumamosi nitahamia."

Ka! Komeo likapanda pale pale, hata neno halijapoa hewani. Mlango ukafunguka, Everlyn huyo, macho mekundu, na nyuma yake Mwanatumu ameshika karatasi ya viazi karai.

"Jamani, mko hapa!" Everlyn akasema. "Tumewatafuta kila mahali."

Mama alishuka kwenye benchi upande wake, leso usoni. "Mmefika sasa hivi?"

"Sasa hivi, mwaitu," akamjibu mamake kwa Kikamba.

Nikatazama ile karatasi ya viazi. Ilikuwa tupu. Ukumbini, nje kidogo ya mlango, kulikuwa na viti viwili ambavyo tulipopita havikuwepo, na kibakuli cha ukwaju kilichokaushwa kwa kidole. Mwanatumu akanitazama, akatazama juu. Midomo yake ilikuwa bado na pilipili.

"Na huyu mfungwa wangu," akauliza, "mkono wake umefanya nini?"

"Alikuwa anatusuluhisha," mama akasema, akapita kwenda kuchukua miwani yake.

Jumamosi alihamia, kuku nao. Sanamu hatukupata, kwa hivyo mezani nilitundika koti langu la hoteli kwenye kiti cha kati. Lilifanya kazi nzuri. "Koti, mwambie uji una sukari." "Koti, mwambie mama asante." "Koti, mwambie kwenye redio wamesema mvua itanyesha, aanue nguo kambani." Koti likawa na maoni yake. Siku nyingine Everlyn alikuwa anakuta tunalilaumu sote wawili.

Kisha mvua ikaja kweli, na Everlyn alikuwa amelifua koti. Asubuhi hiyo Everlyn alitoka mapema kwenda kazini. Nikakohoa, nikaingia. Mama alikuwa upande wake, mimi nikakaa wangu. Kiti cha kati kitupu. Nje kwenye kamba koti lilikuwa linatiririka maji, mikono imelala.

Tukakitazama kile kiti kwa muda mrefu. Redio ilikuwa imemaliza ibada.

"Musyoki," mama mkwe wangu akasema, amegeukia friji. Alikuwa hajawahi kulitamka jina langu. "Chai inapoa."

"Asante, mama," nikasema, nimegeukia dirisha.

Tukanywa. Jogoo wake akapita chini ya meza kama mkaguzi.

"Likauke upesi hilo koti," akasema. "Hatuwezi kuishi hivi."